Mama Fundi Anajibu: "Tak" Moja, Kisha Kimya

Mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja: gari lina umri, betri ni mpya, na bado haliwaki. Nimechagua tano. Kwa anayekutana na ukurasa huu mara ya kwanza, mimi ni fundi umeme wa magari kwa miaka 31 sasa, na vifaa ninavyowaomba wasomaji wawe navyo ni viwili tu: multimeta ya kawaida, na taa ya kupimia ambayo mtu anaweza kujitengenezea kwa balbu ya breki ya wati 21 na vipande viwili vya waya.

*Shikamoo Mama Fundi. Gari langu ni la mwaka 1987, la kabureta na gia za mkono. Nikizungusha ufunguo nasikia "tak" moja, taa za dashibodi zinafifia kidogo, injini haizunguki. Nilinunua betri mpya, haikusaidia. Fundi akabadilisha starta, gari likawaka vizuri wiki mbili, sasa limerudi palepale. Juzi nilipong'ang'ana na ufunguo nikaona moshi mwembamba ukitoka kwenye kebo ya akseleta. Fundi anasema starta ile ilikuwa mbovu, tununue nyingine. Nifanyeje? — Niliyechoka kusukuma*

Marahaba mwanangu. Usinunue starta. Moshi huo umeshakujibu, ila hakuna aliyeusikiliza.

Umeme unaotoka betri kwenda starta kwa ule waya mnene lazima urudi betri. Starta imefungwa kwenye mwili wa injini, kwa hiyo umeme unarudi kupitia injini. Lakini injini yako haijagusana na bodi, imekalishwa juu ya mipira ili isitikise gari zima. Ndiyo maana watengenezaji huweka waya wa ethi, mara nyingi ule bapa uliosukwa, kutoka injini au giaboksi hadi kwenye bodi. Waya huo ukikatika, au ukioza pale ulipofungwa, umeme hautulii. Unatafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi: kebo ya akseleta, kebo ya choki, hata kebo ya spidomita. Kebo ile nyembamba inabebeshwa mzigo wa starta, inapata moto, inatoa moshi.

Sasa fanya hivi. Gari liwe kwenye gia huru, breki ya mkono juu, na uchomoe waya mwembamba wa koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, ili injini isiwake. Weka multimeta kwenye volti. Ncha nyekundu igusishe chuma kisafi cha injini, ncha nyeusi igusishe kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi, si kishikio kilichoivaa. Mwombe mtu apige starta huku wewe unasoma. Ikiwa njia ni nzima utaona chini ya volti 0.2. Ukiona 1, au 3, au zaidi, umeme wako unapotelea hapo. Baadaye rudia upande wa pili: nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi kwenye bolti kubwa ya starta inayopokea ule waya mnene. Hapo nakubali hadi 0.5.

Nasisitiza kupima wakati starta inafanya kazi, kwa sababu waya mbovu ukiwa umepumzika hudanganya. Chukua starta ya injini ndogo ya petroli: inavuta ampea 150 hivi. Kiungio kilichoshika kutu kikiwa na ukinzani wa ohmu 0.02 tu, zidisha kwa 150, unapata volti 3 zilizopotea njiani. Betri inatoa 10 na kidogo wakati wa kazi, starta inapokea 7. Haizunguki. Na multimeta yako ukiiweka kwenye ohmu haiwezi kuiona hiyo 0.02, maana nyaya zake za kupimia peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Ndiyo sababu fundi wako alipima akaona kila kitu kizima. Hakukudanganya. Alipima gari lililolala.

Mbona lilipona wiki mbili? Kufungua starta kunalazimu kuondoa kishikio cha betri, na pengine waya wa ethi umefungwa kwenye bolti mojawapo ya starta au giaboksi. Alipofungua na kukaza upya, chuma kilisuguana na chuma, kutu ikakwanguka kidogo, njia ikafunguka. Starta mpya ikapewa sifa isiyo yake.

Kama huna subira ya kupima, chukua waya mmoja wa kubusti, ubane upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma kinene cha injini. Piga starta. Injini ikizunguka kwa nguvu, umemaliza kutafuta. Weka waya mpya wa ethi wenye unene wa milimita za mraba 16 hadi 25, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Grisi huja baada ya kukaza.

Na jambo hili tafadhali usiliahirishe: badilisha hiyo kebo ya akseleta. Kebo iliyotoa moshi imeyeyusha bomba la plastiki lililo ndani yake. Siku moja utakanyaga mafuta na kebo igome kurudi.

Kwa wengine mnaosikia sauti tofauti: "tak-tak-tak-tak" ya haraka kama mashine ya kushonea kwa kawaida ni betri iliyoishiwa au vishikio vilivyolegea. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya starta, inavuta, mota inaanza kudai ampea zake, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. "Tak" moja nzito, taa zisififie hata kidogo, na njia zote ukazipima ukazikuta nzima, hapo ndipo nashuku starta yenyewe: visahani vya shaba ndani ya solenoidi vimelika au kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zimeisha. Ukiigonga starta kidogo kwa mpini wa nyundo ikazunguka, hizo ni kaboni zinazoaga. Kimya kabisa, bila "tak" yoyote, anza na waya mwembamba wa solenoidi. Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, swichi ya usalama ya gia ndiyo inayosumbua.

*Mama, nina pikapu ya miaka ya sabini. Inawaka nikiwa nimeshikilia ufunguo kwenye starta, lakini nikiuachia tu inazima saa hiyohiyo. Kila fundi ananiambia kabureta. Nimeifungua mara tatu.*

Iache kabureta ipumzike. Injini inayozima wakati uleule unapoachia ufunguo, si sekunde tano baadaye, inakosa umeme wa koili.

Kwenye magari mengi ya zama hizo koili haikutengenezwa kufanya kazi muda wote kwa volti 12. Ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuendesha, umeme wa koili unapita kwenye rezista, yaani kipunguza umeme, aghalabu kijitofali cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili, au waya maalumu uliofichwa ndani ya kifurushi cha nyaya. Ukinzani wake ni ohmu moja na nusu hivi. Ukiwa unapiga starta, betri imelemewa, volti zimeshuka, kwa hiyo kuna njia ya mkato inayoirukia rezista na kuipa koili kila kilichopo. Wewe una njia ya mkato nzima na njia ya kawaida iliyokatika.

Pima: ufunguo kwenye nafasi ya kuendesha, injini imezimwa, nyekundu kwenye chanya ya koili, nyeusi kwenye ethi. Pointi za distribyuta, vile viguso vinavyounganisha na kukata umeme wa koili, zikiwa zimefunga utegemee volti 6 hadi 9, zikiwa zimefunguka utaona karibu 12. Ukiona sifuri, pima mlango wa kuingilia wa rezista. Umeme upo mlangoni na haupo upande wa kutokea? Rezista imekufa. Mlangoni pia haupo? Basi ni swichi ya ufunguo, au waya uliochomoka kati yake na rezista.

Najua utashawishika kuunganisha waya moja kwa moja kutoka betri hadi koili. Kufika nyumbani, sawa, umekwama njiani na usiku unaingia. Lakini ukiiacha hivyo koili itapata joto mpaka ipasuke au ivuje mafuta yake, na pointi zitaungua zigeuke nyeusi kabla hujazunguka sana. Weka rezista ileile ya aina ya koili yako.

Mfumo huo wa koili na pointi una heshima yake. Umetokana na kazi ya Charles Kettering, Mmarekani yuleyule aliyeleta starta ya umeme kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa mkono wa chuma, na mkono huo ulivunja mikono ya watu wengi. Mimi kila nikifungua distribyuta ya zamani huwa nasimama kidogo kuitazama. Kila kipande unakiona kwa macho na kila kosa linaweza kupatikana na mtu mwenye subira.

*Dada Fundi, nikiliacha gari siku mbili bila kuendesha, betri inakuwa imekufa. Nikiendesha kila siku, hakuna shida. Betri ina miezi minne. Alteneta inachaji volti 14.2. Umeme unakwenda wapi?*

Unanyonywa usiku, na kwa bahati nzuri mnyonyaji anapimika.

Zima kila kitu, funga milango, kama taa ya boneti ipo itoe balbu. Fungua waya wa hasi wa betri. Hamisha waya mwekundu wa multimeta kwenye tundu la ampea 10, kisha uiweke multimeta katikati: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye kishikio ulichokifungua. Umeme wote unaovuja sasa unapita ndani ya mita yako. Katika hali hii usiguse ufunguo wa starta, fyuzi ya mita itaungua papo hapo. Gari lisilo na kompyuta litakupa jibu mara moja. Lenye kompyuta lisubiri nusu saa lilale.

Saa na kumbukumbu ya redio vina haki ya kula kidogo. Chini ya ampea 0.05 mimi silalamiki. Hiyo kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 itakaa wiki kadhaa. Lakini tuseme unaona 0.6. Kwa siku ni 14.4, kwa siku mbili karibu 29, na gari lako halina tena nguvu ya kupiga starta. Naona hesabu hii inafanana sana na barua yako.

Chomoa fyuzi moja moja huku unaitazama mita. Ile itakayoishusha ndiyo njia ya mwizi, na kifuniko cha boksi la fyuzi kitakuambia inalisha nini. Niliwahi kukesha na gari la mteja mpaka saa nne usiku, nikashuku redio, nikashuku king'ora, mwisho nikatia mkono kwenye kisanduku cha mbele ya abiria kutafuta karatasi ya fyuzi, nikagusa balbu. Ilikuwa ya moto. Kijiswichi chake kilikuwa kimevunjika, taa ikiwaka usiku na mchana ndani ya kisanduku kilichofungwa. Tangu siku hiyo naanza kwa kugusa balbu zote ambazo mtu hazioni: kisanduku, buti, boneti.

Na ikiwa umechomoa fyuzi zote na mita bado haijashuka? Nenda kwenye alteneta. Waya wake mnene kwenye magari mengi ya zamani haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Ndani ya alteneta kuna dayodi zinazoruhusu umeme kwenda betri na kuuzuia kurudi. Moja ikivuja, betri inajimwaga usiku kucha ndani ya alteneta, na mchana inaweza bado kuonyesha chaji nzuri kama hiyo 14.2 yako. Asubuhi kabla ya kuwasha, iguse kwa kiganja. Alteneta iliyolala usiku kucha ikiwa na uvuguvugu, umempata. Fungua waya huo mnene, betri ikiwa imetolewa kwanza, ufunge kwa utepe, rudia kipimo.

*Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila wiki. Kijana wangu ameweka ya 30 badala ya 15 na sasa haiungui tena. Je, kuna tatizo?*

Ndiyo, kubwa. Tafadhali itoe leo, usisubiri kesho.

Fyuzi ipo kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya taa. Waya wako mwembamba umepimiwa ampea 15. Kosa lililokuwa likiiunguza fyuzi bado lipo, ila sasa kitakachotangulia kuungua ni waya, ndani ya kifurushi chenye nyaya nyingine, chini ya zulia, karibu na tangi. Nimeliona gari likiteketea kwa sababu ya kipande cha karatasi ya sigara ya kung'aa kilichowekwa mahali pa fyuzi. Mwenyewe alitoka salama, lakini alitoka bila viatu.

Ili umpate mkosaji bila kumaliza pakiti ya fyuzi, chukua ile taa ya wati 21. Chomoa fyuzi, toa balbu za taa za nyuma zote, kisha unganisha taa yako kwenye midomo miwili ya fyuzi, swichi ya taa ikiwa imewashwa. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna waya unaogusa bodi. Iache iwake, nenda ukiyumbayumbisha nyaya kuelekea nyuma. Pale utakapotikisa na taa ikapepesa au kuzima, simama. Mara nyingi utakuta ni bawaba ya buti, pale nyaya zinapojikunja kila unapofungua, au tundu la bodi ambalo mpira wake umeanguka na bati likaanza kukata waya kama kisu. Au soketi ya taa yenyewe, ikiwa imejaa maji na kutu.

Na wewe uliyeniuliza kwa mstari mmoja kama ni sawa fundi wako kutoa kishikio cha betri injini ikiwa inanguruma "ili aone kama alteneta inafanya kazi": hapana. Kwenye gari lenye dainamo ya zamani sana pengine hakuharibika kitu, na tabia hiyo ilianzia huko. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu, dayodi za alteneta zinakufa, na kama kuna kitengo cha umeme cha plagi au kompyuta, nacho kinaifuata. Pima kwa mita kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma: kati ya 13.8 na 14.5, inatosha. Ikiwa chini ya 13, angalia kwanza mkanda umekaza, kisha angalia kama taa nyekundu ya chaji inawaka unapofungua ufunguo kabla ya kupiga starta. Balbu hiyo ikiwa imeungua, kwenye alteneta nyingi za zamani hakuna cha kuiamsha, nayo haichaji ingawa ni nzima.

*Shikamoo Mama Fundi. Baba alifariki, akaacha gari lake alilolipenda. Limekaa miaka minne bila kuwashwa. Kaka zangu wanasema tulete betri tulisukume. Mimi naogopa tutaliharibu. Tuanzie wapi? — Binti yake*

Marahaba mwanangu, pole kwa msiba, hata kama miaka imepita. Waambie kaka zako wasubiri, umewaza vizuri.

Kwanza usiguse ufunguo. Fungua boneti mchana, jua likiwa zuri, ukague nyaya kwa macho na vidole. Panya hupenda gari lililosimama, hutafuna ngozi ya nyaya na kujenga kiota juu ya injini au ndani ya kisanduku cha chujio la hewa. Waya uliobaki shaba tupu ufunge upya kabla ya betri yoyote kukaribia gari. Betri ya zamani iondoe, hasi kwanza. Ikipima chini ya volti 10 baada ya miaka minne usiipigie hesabu. Vishikio visafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye baking soda mpaka povu liishe, suuza, kausha, kwangua.

Kisha toa plagi zote, tone la mafuta ya injini kila silinda, uache mpaka kesho yake. Zungusha injini kwa mkono, spana kwenye nati kubwa ya puli ya mbele, taratibu, mizunguko miwili mizima. Ikigoma usilazimishe, ongeza mafuta na usubiri siku nyingine. Petroli ya miaka minne imwage yote, itakuziba kabureta. Badilisha mafuta ya injini.

Hapo sasa leta betri nzima, ya volti 12.6 ikiwa imepumzika. Funga chanya, hasi iwe ya mwisho. Kabla ya kukaza hasi, unganisha ile taa ya wati 21 kati ya kishikio na kichwa cha hasi. Isipowaka, au ikiwa na mwanga hafifu sana, endelea. Ikiwaka vizuri na kila kitu kimezimwa, kuna waya uliokupita machoni, rudi ukatafute. Ukishafunga, washa vitu kimoja kimoja, taa, honi, wipa, huku mmoja wenu amesimama mbele ya boneti iliyo wazi ananusa na kutazama. Pigeni starta plagi zikiwa bado nje, sekunde kumi kwa wakati mmoja, mpaka taa ya oili izime. Rudisheni plagi ndipo mjaribu kuliwasha.

Breki msiziamini hata kidogo mpaka fundi wa breki azifungue. Na ukiona kwenye kisanduku cha mbele daftari la baba lenye tarehe za huduma na saizi za plagi, litunze, kisha niandikie umekuta nini ndani yake.